Vioo Vyeusi vya Ndege

Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen, na juzi nilizuia ndege. Ilikuwa imekuja kumpeleka shangazi yangu Habiba akapasuliwe moyo Nairobi. Jua lilikuwa kali, nikavaa miwani mipya niliyouziwa na mvuvi wa Kau, ile inayokata mng'ao wa maji mpaka samaki waonekane.

Nilipochungulia kwa rubani, vioo vyote vya mbele yake vilikuwa vyeusi. Ndege za siku hizi hazina tena saa za mishale. Mwendo, urefu na njia, vyote husomwa kwenye vioo hivyo. Kimoja tu ni bei ya zizi zima la ng'ombe, kwa hiyo nikajua tajiri mwenye ndege ameona heri waruke hivyo hivyo.

Nikaushika mlango. "Kapteni, shangazi haendi popote. Vioo ndiyo kazi yangu, na hivi vimekufa."

Rubani, mama wa makamo, alinitazama kidogo. "Kaka, hebu vua hiyo miwani."

Nikavua. Vioo vyote vilikuwa vinang'aa.

Nyuma yangu shangazi akauliza polepole, "Na simu yangu, uliyoniambia asubuhi kioo kimekufa, uliiangalia ukiwa umevaa nini?"