Kioo Kilichotazama Paa

Muuza magari alikuwa ameshamaliza habari za injini alipogundua kwamba sipo tena karibu naye. Nilikuwa nimepanda hadi viti vya mwisho kabisa, vile viwili vinavyokunjwa, tumbo langu la miezi saba nikilipitisha kwa shida. Nilikaa huko nyuma nikapima kwa macho umbali kutoka kwangu hadi kisogo cha mume wangu, aliyekuwa ameshika usukani kama mtoto aliyepewa peremende.

"Madam, huko ni kwa watoto," muuzaji akaniita. "Mwenye gari hukaa mbele."

"Dereva akitazama kioo, ananiona?"

"Anakuona wewe, anaona watoto, anaona mpaka mbuzi ukimbeba. Halafu kuna hii nyingine ndogo, ya kuchunga watoto."

"Hiyo ndogo inatoka?"

Alimgeukia mume wangu kama anayeomba msaada. Mume wangu akajifanya anasoma maandishi ya kwenye dashibodi.

"Madam," muuzaji akasema polepole, "watu wanaongezanga pesa ndio wawekewe hiyo."

Sikumlaumu. Angejuaje kwamba nilichokuwa nanunua ni umbali? Tulikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuliache gari letu dogo. Lakini hesabu yangu ya kweli ilikuwa mama. Tangu niolewe, mama yangu alikuwa amepanda gari letu mara moja tu, kutoka kwake Lumakanda, na hata lami hatukuifikia. Alisema kichwa kinamuuma, akashuka, akarudi nyumbani kwa bodaboda. Baada ya hapo kila tulipomwalika Kakamega alikuwa na lake: mahindi, kanisa, ng'ombe anayekaribia kuzaa. Sababu yenyewe nilikuwa naijua, au niliamini naijua. Na mtoto huyu wa tatu nilitaka azaliwe mama akiwa karibu nami, si kwenye simu.

Gari lilinukia plastiki mpya. Mimi nilinusa petroli, ndizi mbivu na manyoya ya kuku.

Ukitaka kunielewa, rafiki yangu, itabidi upande kwanza gari la baba. Lilikuwa la siti saba pia, refu, rangi ya chai ya maziwa, aliyemuuzia akiwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Baba alifundisha hesabu hapa Kakamega, na aliliendesha kama anayetafuta jibu: taratibu, midomo ikicheza. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Mvua ya alasiri, ile isiyokosa kwetu, ilipenya pembe moja ya dirisha na kulowesha goti langu la kushoto peke yake. La kulia lilibaki kavu utoto wangu wote.

Nilipokuwa na miaka tisa, macho ya nyanya, mama yake mama, yalianza kuingia ukungu. Daktari alisema asikose kliniki hata mwezi mmoja. Basi kila mwezi tulimfuata kwake Butere alfajiri, tukamleta hospitalini Kakamega, tukamrudisha jioni. Siku hizo nilikosa shule kwa ruhusa ya mwalimu, yaani baba, kwa sababu bila mimi safari isingewezekana.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali mbele ya mwenzake, hawatazamani usoni. Kwa hiyo tulipofika, baba alishuka na kwenda kusimama kando ya miwa, ametupa mgongo, mpaka asikie mlango umefungwa. Nyanya alikaa viti vya mwisho na kikapu chenye kuku, maana hakuwahi kuja mikono mitupu. Mama alikaa mbele. Viti vitatu vya katikati vilikuwa vyangu peke yangu. Nilikuwa ukuta. Kisha baba alirudi, akaketi, na kabla ya kuwasha gari akainua mkono na kugeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa.

Kuongea waliongea, lakini kupitia kwangu.

"Mwambie kukhu wako tumefika Bukura," baba angesema. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Kukhu, tumefika Bukura."

"Nimesikia. Mwambie baba yako anaendeshanga kama anafukuzwa na nyuki."

"Baba, unaendesha kama unafukuzwa na nyuki."

"Mwambie nitapunguza."

Gari lilikuwa limeshapungua kabla sijafungua mdomo. Mama alitazama nje dirishani mabega yakimtikisika kwa kicheko, na kuku akaguna kikapuni kama mzee aliyechoshwa na mkutano.

Na kwa kuwa kioo kilitazama paa, kioo nilikuwa mimi. Nilipiga magoti juu ya kiti, uso nyuma, nikichungulia juu ya kitambaa cha kichwani cha nyanya.

"Nyuma kuna nini?"

"Trekta la miwa, baba."

"Linakuja au limesimama?"

"Linakuja, lakini limechoka."

Ningekudanganya nikisema niliridhika. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilimuuliza mama jikoni, akisonga obusuma, ugali wetu, huku nimeshika sufuria isizunguke, kama baba na nyanya wanachukiana. "Wanaheshimiana," akasema. "Ni soni." Nikauliza soni ya nini. "Soni haina ya nini. Shika sufuria." Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alitupa neno refu la jambo hilo na sababu zake tatu, nikaandika insha na kupata alama nzuri. Hakukuwa na mahali katika insha ile pa kuandika jinsi shingo ya baba ilivyonyooka akiendesha, akijizuia hata kugeuka kupiga chafya.

Siku moja tukitoka kliniki, baba alisimama njiani kujaza tairi upepo, na mama akashuka kununua ndizi. Nyanya alikuwa amesinzia, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe. Nilikitazama kioo kile. Nilitaka tu kujua. Je, wakionana, ni nini hasa kitakachotokea? Nikajipenyeza mbele, nikakigeuza mahali pake pa kawaida, nikarudi kwenye viti vyangu na kukaa kwa adabu ambayo ingemshtua yeyote anayenijua.

Tulikwenda mwendo mfupi. Kisha jua la jioni likapiga kioo, baba akainua macho, na nyanya, ambaye kumbe hakuwa amelala, akawa anatazama mbele kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

Baba alikanyaga breki katikati ya barabara. Nyanya alijifunika leso kichwa kizima. Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyenipa ujumbe wa kupeleka. Nyanya alisema tu, bila kumwambia mtu, "Nifungulieni." Akashuka, akashika njia ya kwao kando ya miwa, bandeji usoni, na mama akamfuata mbio na ndizi zake mkononi. Mimi na baba tulibaki garini. Baba hakunipiga. Aliuliza, "Ulitaka kuona nini?"

Mwezi uliofuata tulifika Butere, tukakuta nyanya amekwenda kupalilia. Mwezi wa pili hatukumkuta tena. Nyumbani kelele za mwiko kwenye sufuria zilibadilika, mama akisonga kama anayepigana. Nilijua kliniki mbili zimepita bila yeye, na nilijua ni nani aliyezipitisha.

Mwezi wa tatu baba alinunua leso mpya na jogoo mwekundu. Alisimamisha gari mbali na boma, akanikabidhi vyote viwili, akasema, "Nenda wewe." Nilitembea peke yangu na jogoo aliyekuwa na nguvu kunishinda. Nyanya alikuwa amekaa mlangoni akichambua mrenda. Nilisema nilichofundishwa kusema, kisha nikasema na ambacho sikufundishwa: kwamba sikujua, nilitaka kujua tu.

Akachambua jani, akachambua lingine. "Mtoto wa kuuliza ni mzuri," akasema. "Lakini wewe unaulizanga kwa mikono."

Kisha akaingia ndani, akatoka na leso yake kuukuu, akachana kipande kirefu kwa meno. "Mpelekee baba yako. Kile kioo akifunge na hii. Usiku, mchana, nikiwemo, nisipokuwemo."

Baba alikifunga mafundo mawili. Kuanzia siku ile kioo chetu kilivaa leso ya njano yenye maua meusi, na safari za kliniki zikarudi, na "mwambie kukhu" na "mwambie baba yako" zikarudi. Jicho la kushoto lilipona. La kulia halikurudi sawasawa. Hakuna aliyewahi kusema ni kwa sababu ya miezi ile miwili. Najiuliza mwenyewe.

Nyanya alipofariki, baba hakukifungua kioo. Alipostaafu wakahamia shamba la Lumakanda, na yeye naye alipotutoka, gari liliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Nilikuwa chuoni. Niliambiwa kwa simu kwamba limebebwa juu ya lori. Niliuliza habari za kile kipande cha leso, na kaka yangu akasema, "Leso gani?"

Sasa unaelewa nilichokuwa nafanya kwenye viti vya mwisho katika yadi ya magari. Tulilinunua gari lile. Kioo kidogo cha kuchunga watoto muuzaji alikitoa kwa bisibisi, akitikisa kichwa.

Jumamosi moja tukaenda Lumakanda kumchukua mama. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Kulala angelala kwa mama mdogo, mtaa wa pili kutoka kwetu, ili soni isivunjwe hata kidogo. Viti vya mwisho niliviwekea mto. Mume wangu nilimwagiza ageuze kioo juu tukifika. Binti yetu, mwenye miaka minane, nilimweleza kazi yake ya viti vya katikati.

"Kwa nini nyanya asimwambie baba mwenyewe?" akauliza.

"Ni soni," nikasema.

"Soni ya nini?"

Mtoto ni wangu kabisa.

Mama alitoka na mkoba, gunia la mahindi na kuku kikapuni. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya shamba la mahindi, ametupa mgongo kama nilivyomfundisha. Niliufungua mlango wa nyuma na kukunja kiti kumwonyesha njia ya kupita.

"Huko?" mama akasema. "Unataka nikunjwe kama hicho kiti?"

"Mama, nimekuwekea mto."

"Mto ukae huko na kuku. Na haya magoti? Nifungulie hapo mbele."

"Mbele uko karibu na... dereva ni..."

"Dereva ni nani? Si ni huyu ananipigia simu kila Jumapili kuuliza magoti yameamkaje?" Akapaza sauti. "Na wewe, baba, unaangalia nini kwa hayo mahindi? Umepoteza kitu?"

Mume wangu aligeuka, akacheka kwa aibu. Zile simu za Jumapili nilikuwa nazisikia habari zake kwa mara ya kwanza.

"Lakini siku ile ulishuka," nikasema. "Kwenye gari dogo."

"Mlinibana katikati ya viti vya watoto, goti likagonga chuma mpaka nikaona nyota. Ungekuwa wewe haungeshuka?"

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza? Wewe unaulizanga kila mtu, mpaka mchungaji anakuogopa. Miaka tisa hii, mimi hujaniuliza."

Alipanda mbele, akavuta mkanda kana kwamba gari ni lake. Mahindi na kuku vikaenda viti vya mwisho. Mimi nikakaa katikati na watoto, mahali pangu pa zamani.

Kabla hatujaondoka, mama aliinua macho akakiona kioo kimetazama paa. Kumbuka, miaka yote ile ya Butere alikaa kando ya kioo kile, kisicho na leso na kilichovaa leso. Nilidhani atasema kitu juu ya nyanya, au juu ya baba. Aliinua mkono, akakigeuza kikakaa sawa, akakifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Ona barabara, baba," akamwambia mume wangu.

Waliongea njia nzima, mama na mkwewe, moja kwa moja, juu ya mbolea, bei ya mahindi na mtoto anayekuja. Hakuna aliyehitaji mtu wa kupokea maneno huku na kuyatoa kule. Binti yetu alilala. Haya ndiyo niliyoyataka nikiwa na miaka tisa, hadi nikanyoosha mkono kuyachukua kwa nguvu. Sasa yamekuja yenyewe, bila jogoo wala kliniki kupita, na mimi nimekaa katikati ya gari sina kazi. Siwezi kusema desturi ile irudi. Nikijiuliza kwa haki, ilimgharimu nyanya jicho. Lakini sijui ni wapi tena nitawaona watu wawili wazima wakipunguza mwendo na kunyoosha shingo ili kumtunza mtu wasiyeweza hata kumtazama. Njia yao yote ilipitia mdomoni mwa mtoto, na mtoto huyo alikuwa mimi.

Tulipokaribia Malava mvua ilikuwa imeanza. Niligeuka nyuma, sijui kwa nini, nikachungulia juu ya kikapu cha kuku.

"Kuna lori la miwa nyuma," nikasema.

"Nimeliona," akasema mume wangu.