Spika Ndefu na Sauti ya Yaya Furaha

Kuna duka moja mjini Arua linalouza redio na televisheni. Nikipita mlangoni asubuhi linapofunguliwa, hunijia harufu ya vanishi ya mbao iliyochanganyika na vumbi linalopata moto ndani ya amplifaya. Sijui kama wenzangu mnaijua harufu hiyo. Mimi ikinifika puani narudi Koboko, sebuleni kwetu, Jumapili mchana. Nimekaa mkekani, mtoto wa miaka tisa hivi, na nimeambiwa nisipumue kwa nguvu.

Baba alikuwa dereva wa lori na mtoto wa mwanajeshi. Kama wengi waliolelewa kambini, aliamini hakuna jambo lisilowezekana ukilitolea amri. Siku moja alirudi kutoka Arua na spika mbili ndefu, zile za kusimama sakafuni, zimenizidi kimo, pamoja na amplifaya na deki ya kuchezea kaseti. Mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza kazi zake na kurudi kwao alimpa azijaribu: zikimpendeza zibaki, zisipompendeza azirudishe kabla mwenyewe hajaondoka.

Baba alizitaka kwa sababu moja, na aliitangaza kwa kila aliyeingia mlangoni. Mama alikuwa na kaseti. Yeye kwao ni Kongo, ng'ambo tu ya mpaka, na huko dada mkubwa huitwa yaya. Yaya wake, Furaha, alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kanisa lao. Alifariki ghafla, ndivyo habari ilivyoletwa, wakati Mama yuko Koboko na mimba ya mdogo wangu imetimia, hawezi kusafiri. Hakumzika. Kilichobaki ni kaseti ile ya kwaya, na redio yetu ndogo iliyowafanya waimbaji wote wasikike kama wamefungiwa kwenye debe.

"Mama Poni," Baba alimwambia, na Poni ndiye mimi, "sasa utasikia yaya yako kama iko hapa ndani."

Majirani walikuja kuzihukumu. Kwetu spika ilihukumiwa kwa maji. Unaweka bakuli juu yake: maji yakitetemeka, spika ni nzuri, yakimwagika, ni nzuri sana. Yetu yalimwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, tuliyemwita Afande, aliweka kiganja kifuani akasema, "Hii kitu iko na nguvu. Inapiga mpaka kwa maini." Baba mdogo, aliyekuwa anaishi Onduparaka na hana habari na jambo lolote lisilo mpira, hakutaka muziki kabisa. Aliomba mechi ya redioni. Baada ya muda mfupi alikuwa amesimama juu ya kiti anamtukana refa. Aliposhuka alisema spika zipite, hazina kasoro.

Baba alicheka nao, lakini alijua maji na mpira havina usemi juu ya mwimbaji. Hakimu alikuwa Mama. Kwenye kwaya yetu, mtu akikosea sauti hata kidogo, Mama aligeuka tu akamtazama, na aliyetazamwa alijijua. Akisema zibaki, zitabaki.

Basi Jumapili ile, tulipotoka kanisani, Mama alivua viatu, akaketi, akazipa spika mgongo. Ndivyo alivyozoea kusikiliza. Baba akatia kaseti. Kwaya iliingia, kisha wakanyamaza wote na Furaha akabaki peke yake. Jamani! Mtu alikuwa amesimama kati ya zile spika. Nilitazama sakafuni nione miguu yake.

Ubeti ulipoisha Mama alisema, "Iko na makelele."

"Makelele gani?" Baba aliuliza.

"Hapo kwa katikati. Mimi nasikia."

Baba hakukata tamaa, makelele yana dawa yake. Alilaumu jenereta lililotupa umeme, lililonguruma nje ya dirisha. Akaunga waya mrefu, akalibeba jenereta mpaka ng'ambo ya shamba la muhogo la jirani, huku mwenye shamba akiuliza kulikoni. Tukasikiliza tena. Mama akasema, "Sasa imezidi."

Baba akafunga madirisha. Akasafisha deki kwa pamba na spiriti. Akawafukuza kuku, akamhamisha mbuzi, akamwomba Afande azime redio yake, naye Afande akaizima kwa saluti. Kukawa kimya hata nikasikia makaa yakilia jikoni. Furaha akaanza kuimba, karibu kuliko mara zote, na Mama akasimama kabla hajamaliza.

"Rudisha, Baba Poni. Tafadhali, rudisha hizi vitu."

Akaenda kusonga ugali. Aliusonga muda mrefu, nami nilimkasirikia kwelikweli. Nilimwona ana maringo. Baba alizifunga spika kwa mablanketi, akazipeleka Arua. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akiwaambia watu kwamba spika ndefu zina makelele katikati, na Koboko nzima ilimwamini, kwa kuwa hukumu ilitoka kwa mke wake.

Sasa naishi Arua, nina spika zangu nzuri. Juzijuzi fundi alinihamishia kaseti ile kwenye simu, nikaisikiliza nyumbani peke yangu. Kila Furaha anapovuta pumzi, kifua kinapiga filimbi. Mwisho wa ubeti wa pili anameza kikohozi, anachelewa kuingia, na kwaya nzima inamngoja. Wanamngoja kwa utaratibu, kama watu waliokwisha kuzoea. Yule mwanamke alikuwa mgonjwa wa siku nyingi na kila aliyesimama naye alijua. Neno "ghafla" walimtumia Mama, mjamzito aliyekuwa mbali, wasimzidishie uchungu.

Mama alipokuja kunitembelea nilimwuliza kama alikuwa amesikia. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua kichwa.

"Nilisikia mara ya kwanza."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Baba yako alibeba jenereta mpaka kwa shamba ya watu, ili mimi nisikie yaya. Kila akisogeza, mimi nasikia kifua yake zaidi. Ningemwambia nini?"

Nikakaa tukamenya pamoja. Inaniuma, lakini sioni Mama angefanya nini tofauti. Spika zile zilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia Koboko, na Baba alikuwa ameweza kabisa alichokitaka. Alizikwa akiamini alishindwa, na Mama, aliyejua, aliona heri aamini hivyo.