Mlolongo Nyuma ya Mama Mkwe

Jumanne ya mwisho ya Novemba, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa anavuka barabara na wilbaro ya maji mbele ya zahanati yetu, nje kidogo ya Awendo, asubuhi, jua limeshatoka. Aligongwa na pikipiki. Naandika pikipiki kwa sababu watu wengi husema lilikuwa lori la miwa. Malori ya miwa hulaumiwa kwa kila kitu hapa kwetu, lakini siku hiyo hapakuwa na lori.

Aliniachia mama yake. Tunaishi naye vizuri. Kila Alhamisi huenda zahanati kupimwa presha, na lazima avukie palepale. Hasikii honi. Baada ya msiba nilikuwa nafunika meza yangu ya njugu kule madukani kila Alhamisi, nakimbia kumshika mkono, na mara nyingi nilikuta ameshavuka peke yake.

"Mama, si nilisema uningoje?"

"Nilivuka hapa kabla hapajawa barabara," hunijibu. "Ngoja wewe."

Mwaka jana tukasikia kaunti itaita mkutano wa wananchi kuhusu bampu, tuta la kupunguza mwendo wa magari. Nilifurahi mpaka nikaunguza njugu. Lakini kabla ya mkutano, mwenye bucha, jirani yangu wa pale madukani, alikuja na kusimama mbele ya meza yangu.

"Shemeji, bampu ni moja tu. Tunataka ikae hapa."

Kila mtu anajua bampu huleta biashara. Gari likipunguza mwendo, abiria anaona mahindi, anaona njugu, anaona nyama imening'inia. Meza yangu iko hatua chache kutoka bucha yake, kwa hiyo faida ingekuwa yangu pia.

"Wewe utaongea," akasema. "Useme umepoteza bwana. Halafu ulie kidogo. Tutashinda."

"Mimi silii kwa kupangiwa."

"Basi funika uso na leso. Sisi tutajua."

Mkutano ulifanywa ndani ya ukumbi wa kijamii. Nasema ndani, lakini kuta zake zilikuwa zimefika madirishani tu, na mbuzi walikuwa wameshauzindua. Msimamizi wa wadi alikuwa mama kijana mwenye sauti nzuri na kipaza sauti kibovu. Akaeleza kwamba mwaka huu tuchague, kuezeka ukumbi au kujenga bampu.

"Bampu," mzee mmoja akasema. "Mbuzi hawajalalamika."

Hilo likapita. Kazi ikawa iwekwe wapi. Dereva wa lori la miwa alisimama akasema wao hawataki bampu popote, kwa sababu lori likipunguza mwendo tu, watoto wanavuta miwa.

"Na watu wazima," mtu akaongeza.

"Na watu wazima," dereva akakubali. "Wewe mwenyewe nakujua kwa mgongo."

Watu walicheka sana. Mwenye bucha akaona ndiyo nafasi yake. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba katikati yetu kuna mjane ambaye bwana yake aliuawa na lori lililopita madukani kwa kasi, na kwamba ataongea sasa. Akanitazama. Akanitazama tena, akagusa uso wake kunikumbusha leso.

Nikasimama. Sikusoma kupita darasa la saba, na sijazoea kuongea mbele ya watu. Nilisema haikuwa lori, ilikuwa pikipiki. Haikuwa madukani, ilikuwa mbele ya zahanati. Nikasema mimi nauza njugu madukani na bampu ikikaa pale nitauza zaidi, lakini mama mkwe wangu anavukia kule na hasikii, na ninataka ikae kule.

"Bampu ingezuia ile pikipiki?" msimamizi akaniuliza kwa upole.

"Sijui, madam. Pikipiki huzunguka bampu pembeni."

Vijana wa bodaboda, waliokuwa wamekaa juu ya ukuta, wakaangua kicheko.

"Mama amesema ukweli," mmoja akasema. "Pembeni ndiyo barabara yetu."

Mwenye bucha akakaa chini. "Omera," akamwambia aliye karibu naye, "nilimleta shahidi wangu, ameenda upande wa pili."

Msimamizi akaamua tupige mlolongo. Wanaotaka madukani wasimame nyuma ya mwenye bucha. Akauliza nani atasimamia zahanati. Watu wakanisukuma, lakini nikajivuta nyuma. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesikia lolote tangu asubuhi, aliona watu wanainuka, naye akainuka na kigoda chake akaenda kutafuta kivuli kwenye pembe ya ukuta.

"Haya, dani amejitolea," msimamizi akasema, akimwita bibi kwa Kijaluo.

Ile pembe ndipo palipowekwa kreti za soda na mikate. Mkutano wowote kwetu huisha kwa soda na mkate, na watu wameshazoea kwamba mlolongo ukianza karibu na kreti, usipowahi unakosa. Waliokuja kwa kuchelewa, waliokuwa nje wakipiga gumzo, hata wapita njia, wote wakajipanga nyuma ya mama mkwe. Mlolongo ukatoka mlangoni ukazunguka ukumbi. Nyuma ya mwenye bucha walisimama wenye maduka na wake zao.

Msimamizi akafungua mdomo kutangaza. Nilikuwa nimeshashinda. Alhamisi zote zilikuwa mbele yangu, na mama anavuka salama. Lakini niliwatazama wale watu nikaona macho yao yako wapi.

"Madam," nikasema, "wengi huku wanangoja soda."

 Kisha mwanamume aliyekuwa katikati ya mlolongo akauliza, "Kwani hii si ya soda?"

Mwenye bucha akainua mikono yote miwili. "Mmesikia kwa mwenyewe. Shemeji, Mungu akubariki."

Soda zikagawiwa kwanza, kisha tukapanga upya. Wengi waliondoka na mikate yao kwapani. Mlolongo wa mama ukabaki mfupi, na nikaona kwa macho yangu kwamba ule wa bucha umeupita. Nilisimama nyuma ya mama nikatazama mgongo wake. Hakujua lolote. Alikuwa anatafuna mkate.

Ndipo vijana wa bodaboda wakaruka kutoka ukutani. Hawakuwa wamepiga mlolongo kabisa mara ya kwanza. Wakaja na chupa zao za soda mkononi, wakasimama nyuma yangu, wote.

"Nyinyi si mnapita pembeni?" mwenye bucha akawafokea.

"Tunapita," mmoja akajibu. "Lakini wagonjwa wa zahanati ni sisi tunawabeba. Na huyu mama hadanganyi."

Tukashinda hivyo, kwa watu wachache tu.

Bampu ilijengwa kabla ya mvua. Kuna pikipiki ambazo bado hupita pembeni, siwezi kusema hazipo. Mwenye bucha alininunia wiki nzima, halafu akaja kuniuliza kama nadhani mbele ya zahanati patafaa kuweka jiko la mutura, ile soseji ya matumbo. Nilimwambia patafaa. Sasa yuko pale, na meza yangu nimeihamishia karibu naye. Mwanzoni sikuweza kukaa nikitazama ile barabara. Siku hizi naweza, hasa kukiwa na wateja.

Alhamisi iliyopita mama alikuja na leso mpya. Lori la miwa lilifika kwenye bampu, likasimama kabisa kumpisha. Alipofika katikati naye akasimama, akamtazama dereva, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Dereva akazima injini, akamtajia baba yake. Mama hakusikia. Akamtajia tena kwa sauti, hata mwenye bucha akasikia. Nyuma magari yalikuwa yamejaa, yanapiga honi.

Niliacha njugu, nikaenda nikamshika mkono. "Ametoka kwa watu wazuri, huyu," akaniambia. Tukavuka, akapimwa presha, wakasema iko sawa.