Mashuka Safi ya Bibi Helga

Juzi pale kituo cha mabasi cha Stratford nilimwona mama mmoja akimpandisha bintiye kwenye basi la Ujerumani, nikakumbuka safari yetu ya mji wa Köln, huko huko Ujerumani. Sisi pia tulikwenda kwa basi, maana mama hakuwa na uwezo wa kulipia ndege, na hoteli ndiyo kabisa. Niliambiwa tunakwenda kwa Mjomba Juma, mdogo wake mama, nami nikafurahi.

Aliyetupokea mchana ule alikuwa Bibi Helga, mwenye nyumba aliyempangisha mjomba chumba. Nyumba yake ilinukia kahawa na supu ya viazi. Alitulisha, akakataa mama aoshe hata kijiko, kisha akatuonyesha chumba cha mjomba ili tulale humo bure. Mjomba hakuwepo. Nilidhani yuko kazini.

"Nimewafulia kila kitu," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole.

Mama aliuinamia mto wa kitandani, akaunusa kwa muda mrefu. Akanusa na mashuka. Halafu akakaa, akalia bila sauti.

"Sabuni inanuka vibaya, mama?"

"Hapana, mwanangu. Inanukia vizuri."

Nilikuja kuambiwa nikiwa mkubwa kwamba mjomba alikuwa mochwari, na kwamba njia nzima mama alitumaini kuikuta harufu ya mdogo wake pale kitandani.

Bibi Helga alidhani mto ni mgumu. Alitoka, akarudi na mwingine mpya, laini. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru.