Gogogo Anapojitaja

Nilipokuwa binti mdogo, kijijini kwetu nje ya Geita, bibi alinikataza kumpasua gogogo kabla hajanyamaza. Samaki huyu wa miiba ukimtoa majini hukoroma, go-go-go, na sauti hiyo ndiyo jina lake.

"Hawa wengine wamepewa majina na watu," bibi alisema. "Huyu kajitaja mwenyewe. Na anayejitaja hajaondoka bado. Msubiri."

"Mama, basi tutakula kesho!" baba alimtania. Lakini naye alisubiri, maana mama yake alikuwa hatanii.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Masika moja duara lake, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka, naye yumo ndani na Masanja, kijana aliyekuwa akimsaidia. Mimi na bibi tulikimbia machimboni. Wanaume walikuwa wamefukua kifusi tangu asubuhi, ardhi ingali inatitia, na msimamizi akawaamuru waache isije ikawameza na wao. Nilimchukia sana mtu yule, ingawa leo naielewa hofu yake.

Bibi akalala kifudifudi, sikio kwenye udongo, akaniita nami nilale. Nikasikia kitu kikigonga chini kabisa. Go, go, go.

"Mawe hayo, mama, yanajipanga," msimamizi alisema kwa upole.

"Yaya," bibi alikataa kwa Kisukuma. "Huyo anajitaja. Hatumfukii mtu anayejitaja."

Wakashika tena sururu. Kila walipokata tamaa bibi aliwalaza wasikilize, nao wakainuka na kuendelea. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipomtoa Masanja, mzima, mikono imevimba. Baba alikuwa ubavuni pake, amekwisha kufa.

Nilimpelekea Masanja maji, nikamwambia tulimsikia akigonga.

"Mimi?" Alinionyesha mikono yake. "Nguzo ilinibana mikono tangu mwanzo, mdogo wangu. Na baba yako alikufa palepale lilipoporomoka. Huko chini hapakuwa na mtu wa kugonga."

Siku hizi Masanja ana wajukuu. Watu huniambia yalikuwa mawe tu, na mchana, nikiwa na kazi zangu, huwa nakubali. Ila gogogo akianza kukoroma kwenye beseni langu naweka kisu chini, nakaa naye. Sauti hupungua polepole. Natimiza agizo la bibi, lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba kila mara namwomba asinyamaze.