Nilimlea Mwanangu kwa Riwaya za Msituni

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, saa nane na dakika kumi mchana, nilikuwa nikitoka kanisani Mesaimeer dada yangu aliponipigia simu kutoka Nakuru. Mwenye nyumba alikuwa amevunja mlango wa chumba cha mwanangu. Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu.

Mimi ni mlinzi wa jengo moja mtaa wa The Pearl, huku nchi za Kiarabu. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea. Kitabu kilichonianzisha kilikuwa riwaya kuukuu ya Kizungu, haina hata jalada: mtoto mchanga anaachwa msituni, analelewa na nyani, anakua bila mwalimu, halafu anawashinda waungwana wote. Nilijiona humo. Nikazitafuta nyingine za aina hiyo. Wenzangu wa chumbani, mtaani Fereej Bin Mahmoud, waliniita Mzee wa Nyani. Nikichelewa kula, waliniuliza kama nasubiri ndizi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akimlea kijana. Alipofariki, dada aliomba amchukue. Nilikataa. Mvulana wa miaka kumi na tano! Nikampangishia chumba karibu na shule, nikampa mwenzangu aliyekuwa akienda likizo ampelekee riwaya zangu zote. Nilimwambia upweke humkomaza mwanamume.

Likizo yangu ilipofika, nilifanya kama wengi wetu hapa: sikusafiri, nikachukua pesa za tiketi. Kisha nikatia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine.

Homa ya matumbo ilimlaza sakafuni siku tatu, hadi mwenye nyumba alipovunja mlango. Hakunipigia. Mashujaa niliompa hawakuwa wa kuita mtu.

Alipoweza kuongea, nilimuuliza kwa nini hakuomba msaada. Akasema polepole: "Baba, yule wa kwenye kitabu alikuwa na nyani wa kumlisha. Mimi nilikuwa na nani?"

Sasa yuko kwa dada. Nikipiga, naambiwa yuko shule, hata Jumapili. Meneja anasema likizo nyingine ni mwakani. Nikivunja mkataba, nauli ni juu yangu na kiinua mgongo kinapotea. Kutwa nasimama mlangoni nikiwafungulia watu waende zao.

Wewe uliye huku, unayesema mtoto wako ameshakuwa mwanamume, panda ndege ukamwone. Tiketi yangu niliibadilisha kwa riyali elfu moja na mia nne.