Chupa ya Asali ya Shangazi Skola

Kilichonitoa nyumbani ni simu ya dakika mbili. Shangazi Skola, dada wa marehemu baba, ndiye mwanzishaji wa nyimbo kigangoni kwao Sitalike tangu sijazaliwa. Sasa mkojo ulikuwa unamchoma na kumbana kila baada ya muda mfupi, na Jumapili iliyopita alitoka kanisani mara tatu. Vidonge vya yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, alishanunua dukani mara nne, bila kupimwa hata mara moja.

"Kwaya nimeiacha, mwanangu. Siku hizi nakaa nyuma, karibu na mlango."

Shangazi yangu kukaa nyuma! Niliumia.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Majengo, Mpanda mjini, kwenda kumchukua. Sitalike niliwakuta viboko wamejilaza matopeni mtoni, hawana haraka na mtu. Shangazi alikuwa tayari mlangoni, gauni la sikukuu mwilini, kikapu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Twende, kabla haujanibana tena."

Mkojo ukambana njiani mara mbili. Mara ya pili dereva wa gari la abiria alianza kunung'unika, na mama mmoja kiti cha nyuma akamkatisha: "Simamisha gari! Nyie mkisimama vichakani nani huwauliza?" Dereva akasimama. Shangazi alirudi garini ameinamisha kichwa, nikamshika mkono.

Saa nne tulikuwa maabara, mjini Mpanda. Mpimaji, binti mwenye sauti ya upole, alimpa kikopo. Shangazi akakikataa, akafungua kikapu, akatoa chupa iliyoviringishwa kwenye kanga.

"Nimekuja nao kabisa," alinong'ona. "Siwezi kupita mbele ya wanaume na kikopo mkononi."

Binti alichovya kijiti cha kupimia, akakitazama mara mbili.

"Mama, una kisukari?"

Shangazi alinigeukia. Baba yangu aliondoka kwa kisukari, na dada mtu ndiye aliyemuuguza. Niliogopa. Binti akamtoboa kidole, akapima damu. Sukari ilikuwa sawa kabisa. Akarudi kwenye ile chupa, akaigeuzageuza.

"Mama, humu mlikuwa na nini?"

"Asali. Lakini niliisuuza!"

Kwenye mikunjo ya kifuniko asali bado iling'aa. Tulicheka mpaka waliokuwa kwenye benchi wakachungulia. Mimi simlaumu. Kwetu Katavi chupa nzuri ya nyumbani, yenye kifuniko imara, ni ya asali, na Shangazi hawezi kumpelekea daktari kitu chake kwenye chupa mbovu.

"Na huu umekaa tangu alfajiri," binti alisema. "Tuanze upya. Nawa kwanza. Mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati."

Shangazi akaenda, akarudi na kikopo amekificha chini ya kanga, akitembea kama aliyebeba yai. Safari hii sukari haikuonekana. Maambukizi yalionekana. Binti akasema watauotesha mkojo huo, vijidudu wakue, wajue ni vijidudu gani na dawa ipi inawaweza, turudi baada ya siku tatu.

Siku hizo tatu alikaa kwangu Majengo. Alisugua sufuria zangu zote, akauponda ugali wangu mbele ya jirani, na kila usiku aliniuliza, "Hivi watapata kweli?" Nilimpenda zaidi ya ninavyoweza kuandika.

Siku ya nne tulikuwa mbele ya daktari na majibu. Vile vidonge alivyovinunua mara nne vilikuwa haviwagusi vijidudu wake hata kidogo. Akaandikiwa dawa nyingine, akaambiwa aimalize yote hata akipata nafuu. Shangazi aliinuka akasema, "Kumbe nilikuwa nawalisha tu!"

Nilimrudisha Sitalike mchana huohuo. Nilichojifunza kwenye safari hii ni kwamba mwanamke akisema mkojo unamchoma, asibahatishiwe vidonge. Apimwe, na kikopo kiwe cha maabara. Shangazi naye alishawatangazia kina mama wote wa jumuiya habari ya chupa yake, bila aibu hata chembe.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kusali kigangoni kwao. Nilitazama kwanza benchi la nyuma, karibu na mlango. Alikaa mtu mwingine. Misa ilikuwa ndefu, saa mbili na zaidi. Shangazi aliondoka kwenye kiti chake cha mbele mara sita, na mara zote sita ilikuwa ni kuanzisha wimbo.